Mbuni unaostahimili ukame: tunapima nini hasa?

Mkasi_na_Jembe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mvua zikichelewa tu, swali linalorudi humu ni lile lile: "Nipande mbegu gani ya kahawa inayovumilia ukame?" Na majibu ni yale yale. Mmoja atasema robusta, wa pili atataja SL28, ile aina ya arabika ya Kenya, wa tatu ataleta aina mpya aliyoisikia juzi, kisha uzi unajifia. Nimefungua huu kwa sababu naona swali lenyewe huulizwa nusu.

Mbuni kutokufa kwa kiu ni jambo moja. Mbuni kuzaa baada ya kiu ni jambo jingine kabisa. Arabika, ile spishi kubwa ya pili ya kahawa ukiacha robusta, haifi kirahisi kama wengi wanavyodhani. Ikibanwa, hufunga stomata, yaani vile vitundu vya kupumulia vya majani, mapema, asubuhi jua likiwa bado halijakolea, majani yananing'inia, kisha inaanza kupukutisha yale ya zamani. Ukipita shambani unasema imekwisha. Mvua ikinyesha, inachipua. Anayehesabu miti iliyobaki hai ataandika kwamba aina hiyo ni stahimilivu. Mwenye shamba yeye amekosa msimu huu, na wa mwakani nao una walakini, maana kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Tawi lisilorefuka leo halina pa kuwekea maua kesho.

Mimea kwa jumla hukabili ukame kwa njia tatu. Iko inayoukwepa, yaani inamaliza maisha yake kabla kiangazi hakijafika. Mti wa miaka 30 hauwezi hilo. Iko inayochelewesha kiu: mizizi inakwenda chini zaidi, stomata zinafungwa, majani yanapunguzwa. Na iko ambayo seli zake zinaendelea kufanya kazi hata maji yakishapungua ndani. Mbuni unategemea zaidi njia ya pili, na njia hiyo ina gharama yake. Stomata ikifungwa, maji hayatoki, lakini hewa ukaa nayo haiingii. Bila hewa ukaa hakuna usanisinuru, na bila usanisinuru hakuna wanga wa kujaza punje.

Tukumbuke pia mti huu ulikotoka. Arabika ni mti wa chini ya msitu: milima ya kusini magharibi mwa Ethiopia, Uwanda wa Boma upande wa Sudan Kusini, na Mlima Marsabit kule Kenya. Ulizoea ubaridi, kivuli, na wastani wa joto la mwaka wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Sisi ndio tulioutoa juani.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana mche unaostahimili ukame, muulize: unastahimili katika hatua gani ya maisha yake, kwenye udongo wa kina gani, na ukiwa umebeba matunda kiasi gani? Karibuni.

Chipukizi

Naweka kambi hapa.

Njiapanda

Mkuu Mkasi, naona unatuzungusha. Robusta inapandwa nyanda za chini kwenye joto na inazaa. Joto likizidi, tuhame arabika twende robusta, biashara iishe. Tatizo liko wapi?

Daktari_wa_Majani

@Njiapanda tatizo liko hapo unapochanganya joto na ukame. Asili ya robusta ni misitu ya nyanda za chini za Afrika, Afrika Magharibi na Bonde la Kongo hadi Uganda. Huko kuna joto, ndiyo, lakini kuna mvua nyingi na hewa yenye unyevu. Inavumilia joto lenye unyevu. Ukiipeleka penye joto kavu, mara nyingi inazidiwa na arabika, kwa kuwa mizizi yake mingi iko juu juu.

Angalia wanaoilima kwa wingi kuliko wote. Vietnam, nchi inayoongoza kwa robusta, wakulima wa nyanda za juu za kati humwagilia mibuni yao miezi ya kiangazi, kuanzia Januari hivi hadi Aprili. Mwaka 2016 El Niño ilipokausha visima na mabwawa, "ugumu" wa robusta haukuwaokoa. Brazili, jimbo la Espírito Santo ambako robusta yao huitwa konilon, ukame wa 2014 hadi 2016 uliangusha mavuno vibaya. Mashamba yalikuwa yanategemea umwagiliaji, na maji yalipopungua, watu wa kunywa walitangulizwa.

Hata hilo la joto lina mushkeli. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofuatilia mashamba karibu 800 ya Vietnam na Indonesia kwa miaka 10. Zamani vitabu vilisema robusta inapenda nyuzi 22 hadi 30. Takwimu za mashambani zikaonyesha inazaa vizuri zaidi wastani ukiwa chini ya nyuzi 20.5, na kila nyuzi moja inayoongezeka juu ya kiwango chake kinachofaa ilikwenda na upungufu wa mavuno wa kama asilimia 14. Kwa hiyo kuhama arabika kwenda robusta kunaweza kukununulia muda, lakini usihame ukidhani umemaliza kazi.

Nikuongezee jingine. Ndani ya robusta kuna tofauti kubwa kati ya mti na mti, kwa sababu haijichavushi yenyewe. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Chuo Kikuu cha Viçosa kule Brazili walilinganisha koo za konilon, kila ukoo ukiwa umezalishwa kwa vikonyo vya mti mmoja. Ukoo namba 120 uliposhushiwa kiu ulistahimili kwa kuwa mizizi yake ilikwenda chini zaidi na matumizi yake ya maji yalikuwa ya kiasi. Namba 109A ukachoka mapema. Stomata zake zilikuwa na udhibiti dhaifu na mizizi mifupi. Koo zote mbili ni "robusta" tu. Ukisema "nipande robusta" bado hujasema kitu.

Njiapanda

Sawa, hapo umenishika.

Mama_Kitalu

Wanangu, mmeitaja SL28 juu juu, mimi nataka niisemee. Mwaka 1931 ofisa wa kahawa wa maabara za Scott za Kenya, A. D. Trench, alizunguka Tanganyika. Upande wa Monduli akakuta mibuni iliyoonekana kuvumilia ukame, magonjwa na wadudu. Mbegu zikachukuliwa, zikapandwa kwenye maabara, na uvumilivu wa ukame ukathibitika. Mwaka 1935 ukachaguliwa mti mmoja tu kutoka kundi hilo, na huo mmoja ndio mama wa SL28 yote mnayoiona. Herufi hizo mbili ni za maabara zenyewe.

Nasema haya kwa sababu vijana wengi wanafikiri ustahimilivu wa ukame ni jambo la juzi la mabadiliko ya tabianchi. Watu walikuwa wakilitafuta karibu karne moja iliyopita, tena kwa macho na miguu.

Bungua

Shikamoo Mama. Hadithi nzuri, ila uimalizie: SL28 hiyo hiyo inapigwa na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda, na kutu ya majani kama haina mwenyewe. Mti uliopoteza majani kwa kutu ukiingia kiangazi, uvumilivu wake wa ukame unakusaidia nini? Hauna akiba ya wanga, matawi yanakauka kuanzia nchani. Mimi naona ugonjwa na ukame ni mzigo mmoja. Anayechagua mbegu kwa kigezo kimoja anajidanganya.

Mama_Kitalu

Marahaba mwanangu. Hujakosea. Ndiyo maana siisifii kwa kila shamba. Pale unapoweza kupulizia kwa wakati, na udongo una kina, inakupa kahawa ya kikombe safi na haiogopi wiki chache za jua. Usipoweza kupulizia, chukua chotara zenye kinga na uzitunzie udongo wake. Nilichotaka kusema ni kwamba sifa hiyo ipo ndani ya arabika, tatizo ni kwamba tumeichota kwa kijiko.

Daktari_wa_Majani

"Kwa kijiko" ndiyo hali halisi. Arabika nzima ilitokana na robusta na ndugu yake mwingine, *Coffea eugenioides*, kuzaliana porini. Uchambuzi wa jenomu (vinasaba vyake vyote) uliotoka 2024 unakadiria lilitokea kama miaka 610,000 iliyopita. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44 wakati ndugu zake wana 22. Kisha inajichavusha yenyewe, kisha iliyotoka Ethiopia kwenda Yemeni ilikuwa kidogo, na iliyotoka Yemeni kuzunguka dunia ikawa kidogo zaidi. Kila hatua ilichuja. Mashamba mengi duniani ni watoto wa familia mbili, Tipika na Bourbon. SL28 nayo iko upande wa Bourbon.

Saa_Sita

Naomba kuuliza wajuzi. Mimi namwagilia. Udongo ukiushika una unyevu, mpaka chini. Lakini mchana majani yanalegea na ukuaji umedorora msimu wote wa jua. Mtu wa pembejeo ameniambia niongeze mbolea. Kuna ukweli?

Daktari_wa_Majani

Usiongeze kitu kabla hujasoma hii.

Kiu ya mbuni ina pande mbili: maji yaliyopo ardhini, na nguvu ya hewa kuyavuta kupitia majani. Hewa yenye joto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Joto likipanda na mvuke usiongezeke kwa kiwango hicho, hewa inabaki na pengo, na pengo hilo ndilo linalonyonya maji ya jani. Wataalamu hulipima kwa kilopaskali. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi wa nchi zinazolima arabika ulioonyesha kwamba, kipindi matunda yanakua, pengo hilo likivuka kilopaskali 0.82 mavuno yanaanza kuporomoka kwa kasi. Yaani yanakwenda vizuri, vizuri, halafu yanateleza ghafla.

Stomata za arabika ni nyepesi mno kuhisi ukavu wa hewa. Zinafungwa hata mizizi ikiwa imekaa kwenye maji. Hicho ndicho unachokiona saa sita. Bomba halitibu hewa. Kinachopunguza kiu ya hewa ni kuzuia upepo, kushusha joto la jani, na kufunika udongo. Jani lililo juani moja kwa moja linaweza kupata joto la nyuzi 40 wakati hewa ya kivulini haijafika huko.

Na tabianchi inavyobadilika, hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko mvua. Mvua za siku za usoni wanazibishania, sehemu moja itapata zaidi na nyingine pungufu. Joto halina ubishi. Kwa hiyo hata mahali ambapo mvua haitapungua, ukame wa hewani utaongezeka.

Saa_Sita

Hii sijawahi kuisikia popote. Kwa hiyo dawa ni kivuli?

Kivuli_Kwanza

Nilikuwa nalisubiri swali hili. NDIYO. Mbuni ni mti wa msituni, urudishie msitu wake. Kivuli kinashusha joto la mchana chini ya dari kwa nyuzi mbili hadi nne, kinavunja upepo, majani yake yanakuwa matandazo ya bure, na mizizi ya miti inafungua udongo. Watu walikata kivuli miaka ya mapinduzi ya mbolea wakafuata tani, sasa wanarudi wenyewe bila kuitwa.

Mkasi_na_Jembe

Ndugu Kivuli, nakubali kwa sehemu kubwa, ila usikifanye kivuli dini. Mti wa kivuli nao unakunywa. Penye mvua ya kutosha na udongo wa kina, unachonyonya mti ni kidogo kuliko unachookoa. Penye udongo mfupi, wenye mwamba chini, na kiangazi kirefu, mti na mbuni wanagombea kikombe kimoja, na mbuni ndio hushindwa. Tafiti zimekwenda pande zote mbili kwa sababu hiyo hiyo, maeneo si sawa.

Kwangu cha kuangalia ni mti gani. Unataka mti ambao mizizi yake inashuka chini kupita ya kahawa, wenye dari nyepesi inayopitisha mwanga, na unaokubali kukatwa matawi. Mgrevilea wengi wanaupenda kwa sifa hizo. Wa kuepuka ni ule wenye mizizi inayotambaa juu, kwa sababu mizizi mingi inayolisha mbuni iko sentimita 30 za juu, hapo hapo. Na ratiba ya kupogoa kivuli ina umuhimu kuliko idadi ya miti: punguza matawi mvua zinapokaribia ili mwanga uingie wakati wa maua na ukuaji, acha dari ijifunge kiangazi kikianza.

Kingine ambacho watu hawakisemi: kivuli kinapunguza idadi ya maua. Wengine wanakiona kama hasara. Mimi nakiona kama bima, na hapa naomba nirefushe kidogo kwa sababu ndipo kitovu cha mambo.

Miti mingi ya matunda ikizidiwa inaangusha matunda machanga, inabakiza inachoweza kulisha. Mbuni una uwezo mdogo sana wa kufanya hivyo. Kule msituni chini ya kivuli ulitoa maua machache, haukuwahi kuhitaji breki. Ukiuweka juani wenye mbolea, unachanua tawi zima, na karibu kila tunda lililoshika linadai chakula. Matunda yanavuta wanga kuliko majani na mizizi. Mizizi myembamba inakufa kwa njaa, mbuni unapoteza uwezo wa kunywa, kiangazi kinaingia, majani yanaanguka, matawi yanakauka kuanzia nchani na matunda yake yakiwa bado ya kijani. Mtu anasema "ukame umeniua". Ukame ulimkuta mti ulioishiwa tayari. Jirani yake mwenye aina ile ile, aliyekata matawi na kuacha mashina machache, amevuka.

Ndiyo maana nauliza kila mara: mti ulikuwa umebeba matunda kiasi gani?

Chipukizi

Wakuu mnatema madini. Naomba na mimi niulize la kitoto: kama ukame ni mbaya, mbona wazee wanasema kahawa lazima ipigwe na jua kwanza ndiyo itoe maua?

Mama_Kitalu

Si la kitoto. Wazee wako sahihi. Macho ya maua yakishajiunda yanalala. Yanahitaji kipindi kikavu, kisha maji ya ghafla, ndipo yanaamka. Baada ya mvua nzuri ya kwanza, siku nane hadi 12 hivi, shamba linakuwa jeupe lote kwa pamoja. Penye mvua mwaka mzima maua hutoka kidogo kidogo, na uvunaji nao hauishi: leo umechuma tawi hili, wiki ijayo unarudi tena.

Kule Serado ya Brazili, ambako wanamwagilia, walijifunza kufunga maji makusudi kwa kama siku 70, kisha wanafungua. Maua yanatoka pamoja, matunda yanaiva pamoja. Ukame huo una mwanzo na una mwisho, na mwenye bomba ndiye anayeamua.

Balaa la siku hizi ni mvua za kudanganya. Inanyesha kidogo katikati ya kiangazi, macho yanaamka, halafu jua linarudi. Maua yanadumaa, mengine yanabaki kama vinyota vya kijani visivyofunguka sawasawa, hayashiki tunda. Au yanashika, kisha inakuja mvua ya pili na ya tatu, una matunda ya rika tatu kwenye tawi moja.

Daktari_wa_Majani

Nimalizie alipoishia Mama. Baada ya maua, kipindi kinachouma zaidi ni kuanzia wiki ya 6 hadi ya 16 hivi. Hapo tunda linatanuka kwa kasi, na kutanuka ni maji. Ukubwa wa vyumba ambamo punje zitakaa unaamuliwa wakati huo na hauongezeki tena. Kiu ikipiga hapo unapata punje ndogo hata ukimwagilia baadaye. Kiu ikipiga baadaye, wakati wa kujaza, chumba ni kikubwa lakini kilichomo ni hafifu: punje nyepesi, zile zinazoelea ukizitia majini. Kwa hiyo ukikata kahawa yako ukaangalia punje, unaweza kujua jua lilikupiga lini.

Kwa mwenye maji machache ya kumwagilia, hiyo ndiyo kalenda. Usiyamalize kiangazi cha kabla ya maua. Yaweke kwa ajili ya tunda changa.

Bungua

Naongeza la wadudu kwa ufupi. Ruhuka, yule mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, anaanza kuzaliana joto likifika kama nyuzi 15 na anaendelea hadi 32 hivi. Miinuko iliyokuwa baridi mno kwake inamfungukia. Na matunda ya rika tatu aliyoyasema Mama ni hoteli yake, hakosi chakula mwaka mzima. Kwa hiyo "hamia mlimani" nayo ina wageni wake, ukiacha kwamba mlima unapungua eneo kadiri unavyopanda na juu kabisa kuna msitu wa hifadhi.

Njiapanda

Na hizi kahawa za porini zinazosifiwa mitandaoni? Kuna moja wanasema inavumilia joto na ina ladha ya arabika. Ni kweli au ni porojo?

Daktari_wa_Majani

Ni kweli, ila ongeza subira. Inaitwa *Coffea stenophylla*, ya Afrika Magharibi, matunda yake yakiiva ni meusi. Ilikuwa haijaonekana porini Sierra Leone tangu 1954; mwaka 2018 Aaron Davis wa bustani za mimea za Kew kule Uingereza, Jeremy Haggar na Daniel Sarmu wakaipata. Mwaka 2021 ikachapishwa kwamba waonjaji waliifananisha na arabika nzuri, na kwamba inaishi mahali penye wastani wa nyuzi 24.9, zaidi ya nyuzi sita juu ya arabika. Lakini shamba lake liko wapi? Mbegu ya kutosha iko wapi? Kutoka mti wa porini hadi aina ya kupandwa ni kazi ya miaka mingi.

Ziko nyingine. *Racemosa* ya Msumbiji na kaskazini mwa KwaZulu-Natal hupukutisha majani yote kiangazi na tunda lake huiva upesi. Hiyo inakaribia kabisa ile njia ya kukwepa aliyoisema Mkasi. Ekselsa, ndugu wa liberika (spishi nyingine ya kahawa), ina mizizi ya kina na tayari inalimwa Uganda na Sudan Kusini. Kwa anayetaka kitu cha kupanda muda si mrefu, ningetazama ekselsa kabla ya stenofila.

Kuvusha sifa zao kuingia arabika ndiko kugumu, kwa sababu ya zile kromosomu 44 dhidi ya 22. Hutokea, hata hivyo. Kisiwa cha Timor arabika na robusta zilizaliana zenyewe, na chotara hiyo iliyogunduliwa miaka ya 1920 ndiyo iliyotoa kinga nyingi ya kutu tunayoitumia leo. Brazili waliitengeneza Ikatu kwa mkono kwa wazo hilo hilo.

Kinachonisikitisha ni kwamba ghala lenyewe linabomoka. Tathmini ya 2019 ilikuta spishi 75 kati ya 124 za kahawa ya porini ziko hatarini kutoweka. Na mbegu za kahawa hazikubali kukaushwa na kugandishwa miaka na miaka kama mahindi. Lazima utunze miti hai shambani, kama wanavyofanya Choche nchini Ethiopia au Kianjavato kule Madagaska. Moto mmoja, au bajeti moja iliyokatwa, na kilichokuwemo hakirudi.

Upepo_wa_Kusi

Mbona hamuongelei upande wa faida? Hewa ukaa inaongezeka, na mmea unakula hewa ukaa. Nimesoma kwamba kahawa itanufaika.

Mkasi_na_Jembe

Ipo hoja hapo, hatuipuuzi. Timu ya José Ramalho kule Lisbon ilikuza mibuni kwenye hewa ukaa ya sehemu 700 kwa milioni, wakati sasa tuko juu kidogo ya 420. Ilifanya usanisinuru vizuri zaidi na ikavumilia joto hadi nyuzi 37 mchana na 30 usiku. Kwenye 42 na 34 ndipo ilipofikia ukomo. Hewa ukaa ikiwa nyingi, stomata hazihitaji kufunguka sana, kwa hiyo maji yanaokolewa.

Lakini ile ilikuwa miche kwenye vyungu, imenyweshwa na kulishwa, bila matunda tele, bila ruhuka wala mvua ya kudanganya. Jani lililopona halijakupa gunia. Ndiyo maana makadirio yanayotumia ramani za hali ya hewa bado yanatisha. Moja la 2015 lilisema eneo linalofaa kahawa duniani linaweza kupungua karibu nusu ifikapo 2050. Makadirio hayo nayo mengi hayahesabu faida ya hewa ukaa, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa katikati. Mimi singepanda shamba kwa kutegemea upande wowote kati ya hiyo miwili.

Saa_Sita

Turudi chini. Mtu asiye na stenofila wala maabara, mwenye mibuni aliyonayo. Afanye nini ili mizizi ishuke?

Mama_Kitalu

Anza kwenye kitalu, mwanangu, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Mche ukichomekwa kwenye kiriba mzizi mkuu ukapinda, utabaki umepinda maisha yake yote. Miaka miwili ya mwanzo huoni kitu, unakua vizuri kwa mvua. Kiangazi kikali cha kwanza chenye matunda, unanyauka ukiwa katikati ya wenzake waliosimama. Ukiung'oa unakuta mzizi umekunjwa kama ndoano. Hakuna mbegu duniani itakayokuokoa hapo. Kiriba kiwe kirefu, mche uhamishwe ungali na majani mawili ya mwanzo, mzizi uliozidi urefu ukatwe ncha badala ya kulazimishwa, na uliopinda utupwe bila huruma.

Miche ya vikonyo, ile inayooteshwa kutokana na kipande cha chipukizi, haina mzizi mkuu wa kweli. Inaotesha kadhaa inayoshuka wima badala yake. Si mibaya, lakini usiipande kwenye shimo dogo la udongo mgumu ukategemea ijitafutie njia.

Daktari_wa_Majani

Na kuna kupandikiza. Guatemala walianza zamani kuunganisha arabika changa juu ya mzizi wa robusta kwa ajili ya minyoo ya mizizi. Brazili wana shina la chini liitwalo Apoatã kwa kazi hiyo hiyo. Mzizi usioliwa na minyoo unakunywa vizuri zaidi kiangazi. Ila kumbuka zile koo 120 na 109A: mzizi wa robusta dhaifu chini ya arabika nzuri ni hasara mbili.

Kwa mibuni iliyokwisha kukua, udongo wenye tindikali nyingi chini ndio unaozuia mizizi. Aluminiamu ya udongo huo inaunguza ncha za mizizi. Chokaa ukiimwaga juu inashuka polepole sana. Jasi inashuka na maji, inapeleka kalisi chini, na ndiyo wanayoitumia sana kule Serado. Pima udongo wa juu na wa chini kando kando kabla hujanunua chochote.

Saa_Sita

Kesho nachimba shimo pembeni mwa mti mmoja nione mizizi imefika wapi. Nichimbe umbali gani kutoka shinani?

Mama_Kitalu

Pale matawi ya chini yanapoishia, upande usio na mteremko. Nenda chini hadi kiunoni kama udongo unakuruhusu. Ukikuta mizizi imesimama ghafla kwenye mstari mmoja, tuwekee picha hapa na useme udongo wa chini ya huo mstari ukoje, mgumu au mwekundu wa kubomoka, tuendelee kuanzia hapo.